Mama ana presha na magoti yamesagika: aingie maji moto ya Hot Springs au tupite tu?

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Ninaishi Dallas. Mama yangu ana miaka 66, amekuja kunitembelea kutoka Mbeya wiki tatu zilizopita. Jumamosi ijayo tunakwenda Nashville kwa gari kwenye harusi ya mdogo wangu, na njiani tutapita karibu na mji wa Hot Springs, Arkansas. Mama aliposikia kuna maji ya moto yanayotoka ardhini amefurahi mno, maana nyumbani alizoea kwenda Songwe kukanda miguu. Ana presha (anameza amlodipine), sukari imeanza (anameza metformin) na magoti yamesagika. Hajui Kiingereza na hayuko tayari kuvua nguo mbele ya watu. Je, ni salama? Tuingie nyumba ipi? Yale maji yanatibu kweli? Anataka pia kujaza madumu. Tuna na mtoto wa miaka sita."

Dada, nipelekee shikamoo kwa mama, na hongereni kwa harusi.

Aingie. Presha iliyotulizwa kwa dawa na magoti yaliyosagika si sababu ya kumnyima mama maji moto. Kwa kazi yangu ya fiziotherapia, watu wa hali yake ndio tunaowaweka majini mara nyingi zaidi. Kinachonitia wasiwasi kwenye maelezo yako ni safari. Mama atakuwa amekaa kwenye gari muda wa saa tano, hajanywa maji ya kutosha kwa sababu anaona haya kuomba msimame chooni kila mara, halafu apelekwe moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 38 na mvuke juu yake. Hapo ndipo watu wazima huzimia. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nyumba za kuogea, tupange hizo siku mbili.

Kutoka Dallas hadi Hot Springs ni kama maili 290, karibu zote kwenye barabara ya I-30. Msiziendeshe kwa pumzi moja. Mama amesafiri kwa ndege safari ndefu wiki chache zilizopita, na sasa anakaa tena miguu ikiwa imekunjwa; kwa umri wake hali hiyo inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Simameni kila baada ya saa mbili hivi: Mount Pleasant, Texarkana, Arkadelphia. Ashuke, atembee dakika kumi, aende chooni, anywe maji. Akiwa ndani ya gari apandishe na kushusha visigino mara kwa mara. Na mkifika, kabla hajalala, itazame miguu yake wewe mwenyewe. Miguu yote miwili ikiwa imevimba kidogo sawasawa, ni kukaa tu, na amlodipine nayo huvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu. Lakini mguu mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, unauma kwenye shavu la mguu, una joto au umebadilika rangi, maji moto yasahauliwe kabisa na mwende hospitali usiku huo huo. Akiongeza na kukosa pumzi au kifua kumbana, pigeni 911. Ulizeni pia kama mlimkatia bima ya safari, na karatasi zake ziwe kwenye mkoba wako, si kwenye begi lililo chini ya mizigo.

Mkifika Jumamosi jioni, siku hiyo imeisha. Mama ale, alale. Kuoga ni asubuhi inayofuata, akiwa amepumzika, amekunywa chai na kula kitu chepesi kama saa moja na nusu kabla. Dawa ya presha ameze kama kawaida; wapo wanaoiruka siku ya kuoga wakiogopa presha itashuka mno, na hao ndio hushtukia imepanda. Kama anameza pia vidonge vya kukojoza, niandikie, kwa sababu hapo hesabu ya maji ya kunywa inabadilika. Beba kipimo cha presha cha mkononi. Kanuni ninayoitumia mimi: namba ya juu ikiwa chini ya 160 na ya chini ikiwa chini ya 100, aingie, ikizidi hapo, apumzike nusu saa apimwe tena, ikifika 180 kwa 110, leo hapana, na azungumze na daktari.

Sasa nikueleze kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikielewa utajua mwenyewe wakati wa kusema basi. Mtu akizama hadi mabegani, uzito wa maji unaibana miguu na tumbo na kuisukuma damu juu kifuani, karibu mililita 700 kwa mtu mzima. Moyo unapokea damu nyingi kuliko kawaida. Wakati huo huo joto linaifungua mishipa ya ngozi, na presha inaanza kushuka taratibu. Amlodipine nayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuifungua mishipa. Akiwa amelala majini hahisi chochote isipokuwa raha. Tatizo linakuja anaposimama: ile nguvu ya maji iliyokuwa ikiibana miguu imeondoka ghafla, mishipa bado iko wazi, damu inakimbilia chini, na kichwa kinabaki bila ya kutosha. Kwa hiyo wakati wa hatari ni ule wa kutoka. Mama atoke kwa hatua: kwanza akae majini, miguu ikiwa bado ndani, ahesabu hadi sitini, kisha akae ukingoni, kisha asimame akiwa ameshikwa mkono. Haya mahodhi ya zamani yana kuta ndefu na sakafu yake ina maji, na goti lililosagika halitaki kunyanyuliwa juu namna hiyo. Omba msaada kabla, msisubiri ateleze.

Muda wa kukaa majini kwa mara ya kwanza: dakika kumi hadi kumi na tano. Joto: nyuzi 37 hadi 38, yaani karibu 100 kwa kipimo cha Fahrenheit watakachokutajia. Kwa mtu wa presha sipendi izidi hapo. Wakimpa mvuke au mataulo ya moto ya kumzungushia mwili, akatae. Mvuke unamchosha moyo bila kulisaidia goti. Kuhusu sukari, metformin peke yake kwa kawaida haishushi sukari ghafla. Kama kuna siku daktari alimwongezea insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide, hiyo ni habari nyingine na lazima uwe na juisi mkononi. Jambo ninalolitaka ulifanye bila kukosa ni kupima hisia za nyayo. Mama afumbe macho, umguse kila kidole cha mguu kwa pamba, akuambie unamgusa wapi. Asipohisi vizuri, asipime joto la maji kwa mguu, apime kwa kiwiko, na vidonda vyovyote vya miguuni vimzuie kuingia.

Nyumba ipi? Katika mtaa wa Central Avenue kuna mstari wa majengo manane ya kuogea, yaliyojengwa kati ya 1892 na 1923, ubavuni mwa mlima ambako chemchemi zinatoka. Yote yamo ndani ya hifadhi ya taifa. Mwambieni mama mapema, asije akakata tamaa: hapa hakuna kuchovya miguu kwenye kijito kama Songwe. Chemchemi ziko 47, na nyingi zimefunikwa kwa masanduku ya chuma yaliyofungwa ili maji yasichafuliwe. Kuoga nje hakuruhusiwi. Atayaona yakifuka moshi kwenye bustani ya Arlington Lawn, na atayagusa kwa ncha ya kidole, lakini kuoga ni ndani ya jengo. Ayaguse kwa hadhari pia, kwa sababu yanatoka ardhini yakiwa na wastani wa nyuzi 62, joto la kumbabua mtu. Hayo ya kuogea hupozwa kwanza.

Kati ya majengo manane, mawili ndiyo yenye kuwahusu. Buckstaff limekuwa wazi tangu 1912 na linaogesha watu kwa utaratibu wa zamani. Wanawake wana ghorofa yao na wanaume yao, na mwanamke huhudumiwa na mwanamke. Mama atapewa shuka, atafungwa nalo kama anavyojifunga kanga akitoka kuoga nyumbani, na ndani ya shuka hilo atatembezwa kutoka kituo hadi kituo: hodhi la peke yake lenye maji yanayozungushwa, beseni la kukalia la mgongo, kabati la mvuke ambalo kichwa kinabaki nje, mataulo ya moto, kisha bomba linalorusha maji membamba kutoka pande zote. Si lazima apite kote. Mwambie mhudumu tangu mwanzo: hodhi na bomba tu. Hawapangi miadi, wanaotangulia ndio wanaohudumiwa, kwa hiyo muwe mlangoni wakati wa kufungua. Saa za kazi hubadilika kwa msimu, pigeni simu kabla ya kuondoka Dallas.

Quapaw, jengo la 1922 lililofunguliwa upya 2008, lina mabwawa ya pamoja yenye joto tofauti. Wanaume na wanawake wanaingia pamoja wakiwa wamevaa nguo za kuogelea. Wana pia vyumba vya kuogea faragha.

Kwa mama yako ningechagua Quapaw, tena chumba cha faragha, ingawa Buckstaff ndilo lenye historia. Sababu ni lugha. Katika utaratibu wa Buckstaff mama atakuwa mikononi mwa mhudumu asiyemwelewa, na mtu wa kizazi chake hatasema "nimezidiwa" kwa mgeni. Atavumilia kwa heshima mpaka aanguke. Wewe ukiwa chumbani naye utaona uso wake. Kama moyo wake umeshatamani lile la shuka, basi ingia naye wewe kama mteja mwenzake, uombe mahodhi ya jirani, na kabla ya kuanza mkubaliane na mhudumu ishara moja: akiinua mkono, kila kitu kinasimama. Mueleze mhudumu kwa maneno mafupi kwamba ana presha, ana miaka 66, dakika kumi, bila mvuke. Wahudumu wa pale wanaifanya kazi hii kila siku na hawatashangaa. Na kama nguo ndiyo inayomsumbua, uliza kama anaweza kubaki na vazi la kuogelea ndani ya shuka. Si ombi geni.

Akimaliza, mfungeni shuka kavu, akae dakika ishirini na kikombe cha maji. Hapo kuna kitu ninachowaomba wagonjwa wangu wote wa magoti. Goti likiwa bado na joto, akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, auzuie juu huku akihesabu tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu. Utaona msuli ulio juu ya goti ukitetemeka kidogo. Ndio huo tunaoutafuta. Msuli huo ndio unaolibebea goti uzito, na kwa wengi wenye magoti yaliyosagika umelegea kwa sababu maumivu yamewafanya waache kuutumia.

Hapo nimeingia kwenye swali lako la kama maji yanatibu. Hayatibu usagikaji. Gegedu iliyolika, yaani ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, haioti upya kwa kuoga, wala presha na sukari haziponi, na asiache dawa hata siku moja kwa kuambiwa na mtu yeyote kwamba "maji yamefanya kazi". Yanachofanya kwa hakika ni kutuliza maumivu. Mtu akiwa majini hadi kifuani, magoti yanabeba chini ya nusu ya uzito wake. Joto linalegeza misuli iliyokakamaa. Na ubongo ukishughulika na hisia ya joto, maumivu yanapungua. Tafiti za wenye magoti yaliyosagika wanaooga maji yenye madini mfululizo kwa wiki mbili au tatu zinaonyesha nafuu inayoweza kudumu miezi kadhaa, ingawa nyingi ni ndogo, na si rahisi kusema kiasi gani ni madini na kiasi gani ni joto na mapumziko. Kuoga mara moja njiani kutampa mama siku nzuri, pengine na usiku wa kulala vizuri. Kwa mtu anayeamka na magoti yaliyokaza kila asubuhi, hiyo si zawadi ndogo, na akifika harusini anaweza kucheza.

Zamani madaktari waliwaandikia watu kuoga mara 21, siku 21 mfululizo, na mji mzima uliishi kwa kazi hiyo. Dawa kama penisilini zilipoenea miaka ya 1940, wagonjwa wakapungua na nyumba zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Fordyce, lililokuwa la kifahari kuliko yote, lilifungwa 1962 na leo ni makumbusho. Kuingia ni bure. Mpelekeni mama kabla ya kuoga, aone mahodhi, makabati ya mvuke na mashine za umeme walizowafungia watu. Atajua kinachomsubiri na hofu itapungua.

Na mkiwa mle ndani mwonyesheni jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko vioo vya rangi vya darini. Wahudumu waliowakanda na kuwaogesha matajiri wa Marekani katika mstari ule, kwa vizazi, walikuwa watu weusi, na kwa miongo mingi ya ubaguzi hawakuruhusiwa kuoga katika majengo waliyoyafanyia kazi. Wakajenga ya kwao. Chama cha Knights of Pythias cha watu weusi kilikuwa na nyumba yake ya kuogea, na kwenye Malvern Avenue, miaka ya 1920, chama cha Woodmen of Union kilijenga jengo kubwa lenye hoteli, hospitali, ukumbi na bafu za maji yale yale ya moto, ambalo baadaye likawa hoteli ya Wabaptisti weusi. Milango ya Central Avenue ilifunguka kwa wote katika miaka ya 1960. Mama ana miaka 66. Alipokuwa mtoto Mbeya, mwanamke mweusi wa umri wake wa leo hakuweza kuingia kwa mlango wa mbele atakaoingilia Jumapili. Mwambieni, kisha mpiteni Malvern Avenue kwa gari. Ni mwendo wa dakika chache.

Madumu: ajaze, na ni bure. Hifadhi imeweka mabomba ya maji katikati ya mji, mengine ya moto na mengine ya chemchemi baridi kama Happy Hollow na Whittington. Kwenye mabomba ya moto msitumie chupa nyembamba za soda, zitajikunja. Chukueni madumu magumu, na ajaze mtu mzima mwenye kitambaa mkononi. Maji haya hayanuki kiberiti kama ya chemchemi nyingi, na atayaona kama maji ya kawaida mdomoni. Chanzo chake ni mvua. Ilinyesha kwenye milima ya jirani wastani wa miaka 4,400 iliyopita, ikapenya kwenye nyufa za miamba ikashuka kilomita mbili hivi, kwa kasi ndogo sana, ikapata joto kwa sababu mwamba huzidi kuwa na joto kadiri unavyoshuka, kisha ikapanda upesi kupitia ufa mkubwa kabla haijapoa. Hakuna volkano hapo, tofauti na nyumbani kwenu ambako safu ya Rungwe iko jirani. Ayanywe kwa furaha, ila asiyafanye dawa ya presha.

Sasa uendeshaji, kwa sababu nina hakika ndio mtakaousahau. Kutoka Hot Springs hadi Nashville ni karibu muda wa saa sita. Dereva asiingie kwenye maji moto asubuhi hiyo. Mwili uliolegezwa na joto unataka kulala, na I-40 kati ya Little Rock na Memphis imejaa malori. Akitaka sana, aoge jioni ya Jumamosi na alale. Mkiweza, vunjeni safari Memphis, kama saa tatu kutoka hapo, ili mama asikae tena siku nzima kwenye kiti baada ya maji. Siku hiyo anywe maji zaidi ya kawaida, kwa sababu kuzama majini humfanya mtu akojoe sana saa zinazofuata.

Mtoto wa miaka sita simshauri kuingia. Watoto hupata joto mwilini upesi kuliko sisi na hawajui kusema wamezidiwa, na hizi nyumba zina masharti ya umri, ulizeni mnapopiga simu. Abaki na baba yake nje. Nyuma ya majengo kuna njia ya matofali inaitwa Grand Promenade, ina kivuli na mabenchi, na magari hayapiti. Akichoka hapo, apelekwe Arlington Lawn kutazama maji yakifuka moshi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu mzima muda wote.